Neno Lenye Utambi

Hakimu alilitamka bila kuinua macho,
"wiked",
kama mtu anayetema mbegu ya chungwa,
kisha akanyamaza, akaningoja.
Mahakama nzima ya Makadara ikaningoja.

Mwaka wa kumi na tisa huu nakalimani hapa.
Mgao wangu ni nusu pumzi:
neno linaniingia sikioni likiwa la Kizungu
na kabla halijapoa linitoke kinywani likiwa letu.

Kizimbani, Bwana Mugwe wa Kariobangi,
sweta ya kijivu, kalamu mbili mfukoni.
Mkabala naye Kerubo, mpangaji, na mtoto mgongoni
ambaye siku ya kisa hicho alikuwa na siku kumi na moja duniani.
Kodi ilichelewa. Mvua ya Aprili haikuchelewa.
Mwenye nyumba akaegemeza ngazi ukutani
akang'oa mabati, moja moja, huku anahesabu kwa sauti.

Haya, neno.
Niseme uovu? Uovu ni wa wahubiri wa Jeevanjee saa saba mchana,
umekwaruzwa na vipaza sauti hadi hauumi tena.
Dhuluma ina hesabu ndani yake, mtu kala cha mtu,
na mabati yalikuwa yake, risiti zipo kwenye faili.
Ukatili unadai damu.
Ufisadi huvaa suti; haukwei ngazi ya mbao.
Unyama? Nimewaona paka wa Gikomba
wakihamisha watoto wao kwa meno, wingu likitanda tu.
Tusiwasingizie.
Roho ya kutu, hapo ningekaribia,
lakini kwa kesi ya mabati karani angecheka.

Na lile neno lao, ukilipasua, mna utambi,
kile kiuzi cha taa ya mafuta.
Sijui kama ni bahati ya herufi tu.
Nimelala nalo usiku mwingi, likifuka moshi.

Nusu pumzi ikaisha. Nikasikia sauti yangu:
"Mahakama inasema ulifanya jambo baya."

Baya!
Ugali wa maji maji ni mbaya. Barabara ya Kangundo ni mbaya.
Mwanangu Barasa akiona viatu dirishani pale Tom Mboya
hupiga mluzi, "Hizo njumu ni mbaya!", macho yanamwaka,
maana kwao mbaya ni nzuri iliyopita kiasi.
Nasikia hata vijana wa Kiingereza wameligeuza lao vivyo hivyo,
kama koti, bitana nje.
Basi huenda nilimsifu.

Mugwe aliitikia kwa kichwa, taratibu,
kama aliyeambiwa kesho kutakuwa na manyunyu.
Faini akailipa kabla ya saa sita. Akaomba risiti.

Ukumbini nilimkuta Kerubo akimfunga mtoto upya.
Nikamwomba radhi. Sikumwambia ya nini, naye hakuuliza.
Nikamuuliza, kwake yeye, jambo lile linaitwaje.
Alifikiri. Alifikiri hasa, leso ikiwa menoni,
kama ambaye hajawahi kuulizwa kitu na mtu wa mahakama.

"Misumari," akasema.
"Kila aliyoing'oa aliinyoosha kwa nyundo, isipotee.
Akanipa kopo nimshikie.
Nami nikashika.
Mvua inanyesha, mtoto yuko kitandani, nami chini ya ngazi
nimeshika kopo, nasikia inavyodondoka, ti, ti,
na mmoja ulipoanguka nje
nikainama, nikamwokotea."

Akaondoka kuelekea Jogoo Road.

Kamusi yangu haina jalada siku hizi.
Kwenye ukurasa wa neno lile, pembeni,
nimeandika kwa penseli: kopo.
Chini yake pana nafasi.
Alhamisi kuna kesi ya wosia uliochomwa, hakimu ni yule yule.